Saba kati ya Ishirini

Tuda alipata saba.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini, na mtoto wa kuingia darasa la kwanza alitakiwa apate angalau kumi na mbili. Mwalimu Yamna alihesabu tena kutoka juu hadi chini, akidhani labda ameruka mstari. Saba. Akaikandamiza fomu kwa bilauri ya chai ili upepo usiipeperushe, akatazama uani. Watoto kumi na saba walikuwa wakigombea ndoo mbili za mchanga. Wa kumi na nane, Tuda, alikuwa amechuchumaa penye bomba la maji, mikono magotini, akiwatazama wenzake kama mtu anayetazama mvua.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mtoto aliitwa peke yake, akaketi mezani miguu ikining'inia, na mwalimu akatoa kadi moja baada ya nyingine. Umbo lipi ni la mviringo? Picha ipi inafanana na hii? Hiki ni nini, na kinatumika kwa kazi gani? Juu ya fomu paliandikwa kwa herufi nene kwamba mtoto asipojibu ndani ya nusu dakika aandikiwe sifuri. Tuda alipanga vibao vizuri, akatunga shanga, akachora mstari bila mkono kutetemeka. Hizo ndizo saba zake. Kila palipotakiwa maneno aliitazama kadi, kisha akatazama magoti yake, na nusu dakika ikapita. Yamna alijitahidi kuitazama saa polepole. Haikusaidia.

Mwaka uliopita alipata tano, akarudishwa. Safari hii hapakuwa na kurudia. Septemba angetimiza miaka saba, na chekechea haimpokei mtoto wa miaka saba. Aliyeshindwa mara ya pili alipelekwa darasa maalumu, na darasa hilo halikuwapo Demnate, mji wao. Lilikuwa Marrakech, ambako Tuda angelala kwa shangazi aliyewahi kumwona mara mbili tu. Bibi yake, Ijja, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki na baba kwenda kufanya kazi ya ujenzi Agadir, na alikuwa ameshatoa msimamo wake.

"Marrakech?" alisema siku ile alipoletewa habari ya ile tano. "Mimi simpakii mtoto kwenye gari kama gunia la zeituni. Akikosa shule hapa, atakaa na mimi."

Na Bibi Ijja hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishasema. Kwa hiyo ama Septemba Tuda angeingia shule ya msingi iliyo juu ya mtaa, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao, ama asingeingia shule yoyote. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu kuchukua fomu. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Yamna alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia katika chumba kile kile. Kabla hakijawa darasa kilikuwa ghala la zeituni, na mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ya mafuta ya zamani hadi watoto wakasikia njaa. Alisomea ualimu Marrakech miaka miwili, akarudi, akaomba ufunguo wa ghala kwa watu wa jumuiya ya mtaa, akalipaka chokaa kwa mikono yake. Hakuolewa. Wanawake walizoea kumwambia kwamba watoto anao wengi mno, kwa nini aongeze wengine, naye alizoea kucheka pale pale walipocheka wao.

Fomu zilianza kuja miaka mitatu iliyopita. Kabla ya hapo alikuwa na utaratibu wake. Aliweka daftari kubwa lenye jalada jeusi, kila mtoto na ukurasa wake, na kila siku baada ya sala ya alasiri aliandika aliyoyaona: nani leo amefunga kamba za viatu, nani ameuliza kwa nini mwezi unaonekana mchana, nani amempiga mwenzake na kwa sababu gani. Hakuwaita mezani, wala hakuwaambia kwamba wanatazamwa. Juni ilipofika alisoma ukurasa kuanzia Septemba na kuwaambia wazazi mtoto wao amefika wapi, na hakuna aliyewahi kumbishia.

Jumanne ile baada ya alasiri alifungua ukurasa wa Tuda, akitafuta cha kumtetea.

Ukurasa ulikuwa na mistari minne. Septemba: hasemi. Novemba: hasemi, anakula vizuri. Januari: amesaidia kukunja mikeka. Machi: bado hasemi.

Akafungua wa Ilyas, mtoto anayeongea tangu anapovuka kizingiti hadi anapochukuliwa. Kurasa tatu na nusu, na karatasi ya ziada ameibandika kwa gundi. Yamna akazilinganisha. Alikuwa amewalaumu watu wa fomu kwa kusikiliza midomo tu. Kumbe na daftari lake lilikuwa likisikiliza midomo.

Kesho yake alipeleka mkate wake mbichi tanurini mwenyewe. Kwa kawaida mtoto wa jirani ndiye aliyeupeleka, lakini jirani walikuwa na harusi. Alifunika ubao wa mkate kwa kitambaa, akaubeba kichwani hadi mwisho wa kichochoro, ambako Ba Addi amekuwa akichoma mikate ya mtaa tangu Yamna mwenyewe akiwa wa kubebwa mgongoni.

"Lalla Yamna!" akamwita kwa heshima mwanamke mmoja aliyekaa kwenye benchi la mawe. "Leo umekuja mwenyewe? Wanafunzi wamegoma?"

"Wamenifukuza," akajibu. "Wamesema nikatafute kazi nyingine."

"Basi kaa hapa, kazi yetu sisi ni kusubiri."

Akakaa. Ba Addi alikuwa ndani ya shimo lake mbele ya mdomo wa tanuri, jasho likimtoka, akiingiza koleo refu la mbao na kulitoa na mikate miwili miwili. Aliisukuma kwenye ukingo wa jiwe bila kuitazama. Na kando ya ukingo huo alisimama Tuda.

Sakafuni zilipangwa mbao kumi na moja. Mikate yote ilikuwa ya mviringo, yote sawa na sahani, karibu yote ya rangi ile ya udongo uliochomwa. Nyumba moja ilitoboa mkate wake kwa uma, nyingine ikaubonyeza kwa meno ya chanuo, nyingine ikaugonga kwa mdomo wa bilauri, na nyingi hazikuweka alama yoyote. Tuda alichukua mkate kwa ncha ya kitambaa, akaugeuza kutazama kitako chake, wakati mwingine akaunusa, akaupeleka kwenye ubao wake. Hakusita, hakuuliza. Yamna alianza kuhesabu kwa mzaha na akamaliza bila mzaha: mikate thelathini na mmoja. Wakati mmoja Ba Addi mwenyewe aliweka mkate kwenye ubao usio wake. Tuda alisubiri hadi mzee amegeukia moto, ndipo akauhamisha.

Wanawake walikuwa wakichukua mbao zao na kuondoka bila hata kufunua. Yamna alisogea karibu na shimo.

"Ba Addi, huyu mtoto anafanya kazi hii tangu lini?"

"Tangu msimu wa zeituni. Bibi yake akimtuma, anakaa hadi mkate wa mwisho." Mzee alishusha sauti. "Jicho langu la kushoto limeingia ukungu. Usinitangaze, watasema Ba Addi kapofuka, wataanza kununua mikate dukani."

"Na hakosei?"

"Anayekosea ni mimi. Yeye ananisitiri."

Yamna alirudi nyumbani karibu anakimbia. Kwenye fomu, chini kabisa, kulikuwa na sentensi ndogo iliyosema mwalimu anaweza kutumia vitu vya mazingira ya mtoto badala ya kadi. Maswali matano ya kufananisha na kutambua, yote yangeweza kuulizwa kwa mikate. Saba na tano ni kumi na mbili. Aliwapitia akina mama watano jioni ile ile akaomba kila mmoja amwazime mkate wa kesho, akawaambia ni wa kufundishia.

Alhamisi asubuhi aliipanga mikate mitano juu ya meza ndogo, akawakalisha watoto wote kwenye mkeka kuizunguka. Alitaka wenzake waone. Wengine walishaanza kumwita Tuda bubu, na Yamna alitaka jambo hilo nalo limalizike siku hiyo hiyo.

"Tuda, njoo mama. Unaona hii mikate? Jana nilikuona tanurini, unaijua yote. Hebu tuambie, huu ni wa kina nani?"

Tuda aliutazama mkate. Kisha magoti.

"Na huu?"

Kimya.

"Basi nionyeshe tu kwa kidole. Wa kina Ilyas ni upi?"

"Wangu ni ule wenye matundu!" Ilyas aliruka. "Na ule wa chanuo wa kina Safae! Na ule mweusi wa kina Zayd! Kina Zayd wanakula shayiri kama punda!"

Mkeka mzima ukacheka. Zayd, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alicheka nao kwanza kwa sababu jina lake limetajwa. Halafu akaona wanamtazama yeye, mdomo ukapinda, akaangua kilio. Ilyas akalia kama punda ili kukoleza. Yamna aliinuka kumnyamazisha, na alipogeuka akamwona Tuda amesimama mezani. Alikuwa ameuchukua mkate wa shayiri na kuuweka chini ya mingine. Kisha akatandika kitambaa juu ya yote, akavuta pembe nne zikae sawa, akarudi mahali pake.

Siku ile hakuzungumza na mtu, hata kwa macho.

Ijumaa, kabla watoto hawajaingia wote, Bibi Ijja alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, shela yake imefungwa kwa pini ya fedha ya zamani, na hakuvuka kizingiti.

"Salaam alaikum, Mwalimu."

"Alaikum salaam, Bibi Ijja. Karibu ukae."

"Sikai. Nina kuskusi ya Ijumaa inanisubiri jikoni. Nimekuja na swali moja tu. Hivi wewe ulisoma Marrakech miaka mingapi?"

"Miwili."

"Miwili! Na ndani ya miaka miwili hawakukwambia kwamba mkate wa nyumba ya mtu hautangazwi?"

Yamna aliitazama ile meza ndogo.

"Mimi nilimwambia siku niliyompa ubao kwa mara ya kwanza," Bibi Ijja akaendelea. "Nikamwambia, Tuda, huko utaona vya watu. Utaona nani leo ametia shayiri, nani mikate yake imepungua, nani hakuleta kabisa. Usiseme hata ukichapwa. Mwaka ule wa ukame nilipika shayiri miezi minne. Ba Addi alikuwa akiufunika ubao wangu kabla hajaniita, watu wasione. Unadhani nimesahau? Sasa mtoto kanitii, na wewe mwalimu wake unamsimamisha mbele za watu umwambie, haya, taja!"

"Nimekosa, mama," Yamna akasema. "Wallahi, sikufikiri."

"Ulifikiri sana, ndiyo shida yako." Sauti yake ilikuwa imelainika kidogo. "Jana hakula. Usiku kucha ananiuliza kama Zayd bado analia."

"Anakuuliza? Tuda anaongea?"

"Anaongea?" Bibi Ijja alitazama juu kama anayemwomba Mungu shahidi. "Nyumbani? Anaongea hadi mbuzi anatoka nje! Mimi namwomba anipumzishe masikio. Nilidhani hapa anakusumbua wewe."

Wakatazamana. Kwa muda mfupi ilikuwa kidogo wacheke wote wawili. Kisha Bibi Ijja akauliza lile alilokuwa amekuja nalo kweli.

"Atakwenda shule, au haendi?"

"Sijui," Yamna akasema. "Amepata saba."

"Saba ya nini?"

Yamna aliitazama fomu iliyokuwa mezani. Bibi Ijja alisubiri kidogo, akaweka sawa pini yake, akaenda zake.

Mchana ule Yamna alikwenda kwa kina Zayd kuomba radhi. Mama yake alimkaribisha, akamwekea mafuta ya zeituni kwenye kisahani na kukata mkate wa shayiri bila kusema lolote juu ya Alhamisi, na Yamna alikula hadi akatosheka, kwa sababu kukataa kungekuwa kosa la pili.

Baba yake Yamna alikuwa mfinyanzi huko Bughrart, nje kidogo ya mji. Chungu kilichotoka motoni alikigonga kwa kidole na kusikiliza. Mlio ukiwa safi alikiweka upande wa kuuzwa. Siku moja, Yamna akiwa na miaka sita au saba, aliona vyungu vibichi vimeanikwa kivulini akaenda kuvigonga kimoja kimoja, akiinamisha sikio kama baba yake. Vilikuwa bado na unyevu. Havikutoa mlio wowote, na kila kimoja kilibaki na shimo la kidole. Baba yake hakumpiga. Alipitia vyungu vyote kwa kiganja chenye maji, akifuta mashimo, na akamwambia kwamba chungu cha namna hii hakiulizwi kitu, kinatazamwa tu kinavyokauka. Wikendi ile kumbukumbu hii ilimsumbua sana Yamna. Alikuwa ameijua tangu utotoni, ameifuata miaka kumi na sita, na Alhamisi moja ya haraka ikamtosha kuisahau.

Hakuibadilisha fomu. Aliandika kwenye daftari, ukurasa wa Tuda, chini ya ile mistari minne. Jumatano: tanurini, mbao kumi na moja, mikate thelathini na mmoja, kila mmoja mahali pake, na kosa la mtu mzima amelirekebisha kwa siri. Alhamisi: nilimuuliza mbele ya wenzake asichopaswa kukisema. Alinyamaza kwa sababu anajua. Kosa ni langu. Ijumaa: nyumbani anaongea.

Jumatatu mkaguzi akaja. Bi Lamrani alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekwisha kupita chekechea tatu tangu asubuhi, na viatu vyake vilionekana vinambana. Akavivua mlangoni pamoja na vya watoto, akakanyaga mkeka, akapokea chai, akapitia fomu harakaharaka. Alipofika kwenye ya Tuda akasimama.

"Huyu ni wa mara ya pili."

"Ndiyo."

"Saba." Akaiweka kando. "Pole, Bi Yamna. Najua si jambo la kupendeza. Nitaandika barua ya Marrakech."

"Bibi yake hatampeleka Marrakech."

"Hilo nalo najua. Wote husema hivyo."

"Bi Lamrani, hiyo saba si yake."

"Ni ya nani? Ni mwandiko wako."

"Mwandiko ni wangu. Lakini ukimweka mtoto huyu mezani utapata saba kila siku, na kila siku utakuwa hujamjua."

Bi Lamrani akashusha bilauri. "Sawa. Mwite. Nitamuuliza mwenyewe maswali matano, kwa upole. Akijibu matatu tutazungumza."

Yamna alimtazama Tuda pale uani. Ingekuwa rahisi. Angeweza pia kumpeleka mkaguzi tanurini, amsimamishe kwenye benchi, amwonyeshe mtoto kwa kidole. Tuda angejua anatazamwa, na tanuri nalo lingekuwa meza ya mtihani.

"Simwiti," akasema.

"Unasemaje?"

"Samahani, dada yangu. Simwiti. Lakini wewe kaa hapa hadi saa sita. Usimuulize mtu kitu. Tazama tu."

"Nina chekechea nyingine mbili."

"Kuna joto, na viatu vinakubana. Kaa."

Bi Lamrani alimtazama kama anayepima iwapo ametukanwa. Kisha akacheka kwa pua, akavuta kiti kimoja cha watoto hadi pembeni ya mlango penye kivuli, akakikalia, magoti yakimfika kifuani. Yamna hakumwonyesha Tuda ni yupi. Aliendelea na kazi yake. Watoto waliimba, wakamwaga maji, wakapigana, wakapatana. Tuda alikunja mikeka. Hakuna lililotokea. Kila Yamna alipotupa jicho alimwona mkaguzi ameegemea ukuta, macho nusu yamefumba.

Saa sita akina mama wakafika. Yamna akaenda langoni, kama kila siku, kwa sababu kila mama lazima asalimiwe, aulizwe mgonjwa wake, aambiwe neno moja zuri juu ya mtoto wake. Alipomaliza na wa mwisho na kugeuka, Bi Lamrani alikuwa amesimama mlangoni bila viatu, uso ukimng'aa.

"Yule msichana anayegawa viatu ni nani?"

"Anayegawa nini?"

"Viatu! Mwenye shati la kijani. Sasa hivi, hapa." Akaonyesha mahali ambapo watoto huacha viatu vyao. "Watoto kumi na nane, karibu wote wana sendo zile zile za plastiki, za buluu, za soko la Jumapili. Mimi nilikuwa nawaza hapa leo watauana. Yule msichana amesimama katikati, anamwokotea kila mmoja zake. Kuna aliyeshavaa za mwenzake, kamvua, kambadilishia, yule mwingine hata hajajua. Sikumsikia akisema neno. Wewe umemfundisha?"

Yamna alitazama mlango. Miaka miwili Tuda amekuwa kwake, na miaka miwili kila saa sita yeye alikuwa langoni, mgongo umeelekea hapa. Alikuwa akijisifu kwa akina mama kwamba watoto wake hawagombei viatu.

"Sikujua," akasema. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia."

"Hukujua?"

"Ndiye Tuda. Ndiye aliyepata saba."

Bi Lamrani alirudi mezani, akaichukua ile fomu, akaisoma taratibu. Kidole chake kikasimama. "Vitu vinavyofanana na visivyofanana," akasoma. "Sifuri."

Ndipo Yamna akaleta daftari. Hakulieleza, alilifungua tu penye ukurasa ule na kumwachia. Bi Lamrani alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Hii ya Alhamisi," akasema. "Kwa nini umeiandika? Hakuna mtu angejua."

"Kwa sababu ilitokea. Na bila hiyo ya Alhamisi, ya Jumatano haieleweki."

Nje Tuda alisikika akifungua bomba na kulifunga.

"Saba siwezi kuifuta," akasema mwishowe. "Ukiona nimeifuta, ujue nimefukuzwa kazi. Lakini uko utaratibu. Mtoto anaweza kuingia darasa la kwanza kwa majaribio hadi Desemba, mwalimu wa chekechea akiandika maelezo nyuma ya fomu na kuweka saini. Walimu hawautumii. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya saini."

"Kwa sababu ya saini. Desemba ikifika na mtoto hajafungua mdomo, wataniuliza mimi, na mimi nitasema kamuulizeni Bi Yamna. Mtoto atarudi pale pale, kwenye barua ya Marrakech, na wewe karatasi zako zitatazamwa upya zote. Fikiri."

Yamna aliigeuza fomu. Nyuma ilikuwa nyeupe. Alijua Desemba ni karibu, na hakuwa na uhakika. Tuda angeweza kunyamaza hadi Desemba na baada ya Desemba. Mtu angeweza kutazama miaka miwili asione viatu, na mtu huyo ndiye anayeombwa sasa aseme anajua. Aliandika aliyoyaona na ambayo hakuyaona. Aliandika kwamba mtoto huyu anatofautisha vitu vinavyowachanganya watu wazima, kwamba mbele za watu hasemi na nyumbani anasema, na kwamba mwalimu atakayempokea asimwite mezani mwezi wa kwanza, ampe kazi ya mikono ndani ya kundi kisha amtazame. Nyumba za watu hakuzitaja. Akaweka saini, na jina lake kamili chini.

Bi Lamrani alisubiri wino ukauke, akaitia fomu kwenye mkoba wake kando ya zile nyingine.

Jioni Yamna alikwenda kwa Bibi Ijja. Alimkuta ukumbini anachekecha unga, na Tuda yuko juu ya paa na mbuzi, anasikika hadi chini akimgombeza. Yamna alisimama akaisikiliza ile sauti. Ilikuwa nene kidogo kuliko alivyoitarajia.

"Haya," Bibi Ijja akasema bila kuinua kichwa. "Sema."

"Anakwenda. Hapa hapa, shule ya juu. Kwa majaribio hadi Desemba."

Chekecheo likasimama. "Wamembadilishia ile saba?"

"Hapana. Bado ni saba."

"Na anakwenda."

"Anakwenda."

"Hesabu zenu ninyi waliosoma!" Bibi Ijja akatikisa kichwa, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye unga, ukabaki mstari mweupe shavuni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Na huko watamwita mbele za watu? Watamuuliza hiki nini, kile nini?"

"Nimewaandikia wasimharakishe. Lakini mwisho watamuuliza, mama. Ndivyo shule ilivyo."

Bibi Ijja alifikiri. Juu ya paa mbuzi alilia, na Tuda akamjibu.

"Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," akasema. "Basi itabidi nimwambie kwamba yako mambo ya watu na yako ya shule, na ya shule anaweza kuyasema. Lakini ni mtoto, Mwalimu. Kuyatenganisha hayo hata wazee hawajui. Itachukua muda."

"Tunao hadi Desemba."

"Tunao," Bibi Ijja akasema, akavuta chekecheo, akasogea upande mmoja wa mkeka. "Leo kaa."

Yamna akavua viatu, akakaa.